Patasi naiweka chini saa 7: siku yangu moja Bagamoyo

Saa 11 na nusu alfajiri

Adhana ya msikiti wa jirani ndiyo inayoniamsha. Simu imelala ndani ya sanduku la nguo tangu jana usiku, na haitoki humo mpaka niwe nimechora. Nakaa kizingitini na daftari magotini. Leo nachora ndoo ya maji iliyopasuka mdomo. Jana zilikuwa kandambili za mama mwenye nyumba. Dakika 10 zikiisha, nafunga.

Michoro ya daftari hili haionyeshwi mtu, awe mwalimu au mteja. Katika kazi zote ninazofanya kwa siku, hii ndiyo pekee isiyo na maksi wala bei, na ndiyo ninayoilinda kuliko zote.

Nasomea uchongaji, mwaka wa pili, katika mji huu ambao umekuwa na chuo cha sanaa tangu 1981. Kwetu ni Newala. Kwa Wamakonde, tangu zamani, mti ni kazi ya wanaume na udongo ni kazi ya wanawake. Bibi yangu ni mfinyanzi. Mimi, mjukuu wake wa kike, nikashika mti.

Saa 1 asubuhi

Vitumbua viwili, chai ya rangi, na mwendo wa miguu kuelekea mji mkongwe.

Saa 2

Historia ya sanaa. Leo tulikuwa na George Lilanga, aliyefariki 2005. Alianza na kuchonga, kama wazee wake. Baadaye alipofika Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii pale Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, akaingia kwenye batiki, akachora kwenye ngozi za mbuzi, akaja kwenye rangi. Wale mashetani wake wenye masikio makubwa walitoka kwenye mti wakahamia kwenye nguo, wakatoka hapo wakahamia kwenye ubao. Nimeandika pembeni mwa daftari: watu wake ni walewale, alichobadilisha ni mahali pa kuwaweka. Nimepiga mstari chini yake mara mbili.

Saa 4, karakana

Gogo langu ni mpingo. Ganda likitoka unakutana na mzingo mweupe, kisha ghafla kiini cheusi. Mti huu ukiutupa majini unazama. Unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kukatwa, kwa hiyo kila ninapoinua nyundo najua nagonga kitu kilichonizidi umri mara nyingi. Vumbi lake linaingia kwenye mistari ya viganja na halitoki kwa sabuni moja. Patasi ikiingia sawasawa unasikia mlio mkavu, mfupi. Ikiingia vibaya inateleza, na mkono unajua kabla ya jicho.

Namchonga bibi akifinyanga. Kichwa na mabega yametoka, mikono imeanza kutoka. Nimepanga awe amepiga magoti mbele ya chungu. Kuanzia kiunoni kushuka bado ni gogo.

Sikuwa hivi mwaka jana. Mwaka jana nilikauka, na nataka kulisema hili wazi kwa sababu wenzangu wengi wanakauka kimyakimya na kudhani wameishiwa kipaji.

Duka moja la mjini Dar liliniagiza twiga 60 kwa wiki mbili, katikati ya mitihani. Nilikubali wote. Nililala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, nikachonga mpaka vidole vikakataa kufunga vifungo vya shati. Twiga walifika, hela ikaja, ikalipa kodi ya miezi minne. Jumatatu iliyofuata nikakaa mbele ya kipande kizuri sana cha mninga, kazi ya darasani, mada huru, na sikuona kitu ndani yake isipokuwa shingo. Nikabadilisha gogo. Shingo. Wiki tatu nilikuwa naingia karakana, nashika patasi, naiweka, natoka. Sikuwa na homa. Chakula hakikuwa na ladha, na ngoma za wenzangu wa sanaa za maonyesho, ambazo nazipenda, zilinikera kama kelele za mashine ya kusaga.

Mwalimu hakunigombeza. Alinichukulia patasi, akanipa jiwe la kunolea, akasema, "Wiki hii noa tu, mwanangu." Nikanoa vifaa vya karakana nzima. Siku moja akaniita nyuma ya jengo akanionyesha gogo lililoachwa juani, limepasuka toka mwisho mmoja hadi karibu na kati. Mti ukikauka nje haraka kuliko ndani, lazima upasuke. Ndiyo maana magogo yetu tunayapaka nta kwenye ncha na kuyaacha kivulini. Hakuongeza neno. Tukarudi ndani, nikaendelea kunoa.

Saa 7

Hii ndiyo saa ngumu kuliko zote. Mkono umeshapata moto, mikono ya bibi imekaa vizuri, na ninayaona kabisa magoti yale mahali yatakapotokea. Nusu saa tu ningeyaanza. Naweka alama kwa chaki, nalifunika gogo kwa gunia, napanga patasi zangu. Naacha nikiwa bado nina hamu. Zamani nilikuwa naacha pale hamu inapokwisha, na kesho yake nilikuwa sina pa kuanzia.

Saa 7 na nusu

Ugali na dagaa kwa mama ntilie. Hapo ndipo ninapofungua simu. Kuna ujumbe: "Dada mambo, nahitaji tembo 20 wa mninga, Ijumaa."

Moyo ulienda mbio. Kodi ya mwezi ujao haijatimia. Kuna watu hutuambia wanafunzi wa sanaa tusikubali kila kazi. Ni ushauri mwepesi kwa aliyelipiwa chumba. Mimi siwezi kukataa biashara. Ninachoweza ni kuipa siku zake, Jumatano na Jumamosi, na kazi isiyoingia kwenye siku hizo siahidi.

Nikajibu: "Poa kaka. Kwa Ijumaa naweza 6. Waliobaki nipe wiki mbili, au nikuunganishe na mwenzangu mmoja hodari."

Nilikula nusu sahani bila kuonja. Kisha simu ikatetemeka: "Nipe sita kwanza. Huyo mwenzako ni nani?" Nikamtumia namba.

Saa 9 alasiri

Sindimba na watu wa maonyesho. Hapa sipimwi na mtu, nacheza tu. Kiuno, jasho, vumbi, kicheko. Baada ya saa nzima mabega yaliyokuwa yamekaza tangu asubuhi yanakuwa yangu tena.

Saa 11 jioni

Pwani. Kuna mashua imepandishwa mchangani, na fundi anatia kalafati. Anasokota pamba iliyolowekwa mafuta, anaisukuma kwenye mwanya kati ya mbao kwa kidole gumba, halafu anaigonga kwa chuma taratibu, tok, tok, huku kaegesha sikio. Mlio ukibadilika anasogea inchi moja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo huna daftari?"

"Leo nimekuja kutazama."

"Haya, tazama."

Nilikaa. Kidole gumba chake cha kushoto kina kucha nene kama gamba la chaza. Bado ulikuwepo mwanya wa urefu wa mkono mmoja maji yalipoanza kulamba mchanga chini ya mashua, naye akaanza kukusanya vyuma vyake. Nikamuuliza kama hamalizii kile kipande. Akanitazama kama niliyeuliza kitu cha ajabu. "Maji yameshakuja," akasema, akafunga mfuko.

Saa 2 usiku

Nampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huko bado unafinyanga mti?" Ndivyo anavyoiita kazi yangu.

Kwao mvua zimekolea, anapalilia mihogo. Udongo umelala, anasema, mpaka kiangazi. Tangu nizaliwe sijamwona akigusa udongo masika, na chungu chake cha kwanza cha kiangazi ndicho tunachogombania wajukuu.

Nikamwambia namchonga amepiga magoti anamalizia mdomo wa chungu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Magoti? Mdomo simalizii nimekaa, mimi. Nasimama, nainama, chungu kinakaa palepale, nakizunguka mimi."

"Unakizunguka?"

"Nakizunguka. Kinyumenyume."

Nimekuwa nikimwona tangu nikiwa mtoto, na bado nilikuwa tayari kumkunja magoti. Nilipokata simu nilitoa lile daftari la asubuhi, ingawa si saa yake, nikachora mwanamke aliyeinama, mguu mmoja nyuma ya mwingine, kisigino kimeinuka. Nikachora tena kisigino peke yake.

Gogo lipo karakana chini ya gunia. Kuanzia kiunoni kushuka bado sijaligusa.