Warefu wenzangu, kuinua shokapu hakuponyi magoti

Mimi nina futi sita na inchi nne, na hapa Mbeya ukiwa na urefu huo juu ya Boxer vijana wa kijiweni Kabwe hawakuachi, mara ngongoti, mara "kaka mrudishie mtoto pikipiki yake", na kweli ukikata kona kali goti na usukani vinagombania nafasi. Sasa mrefu akilalamika tu, ushauri wa kwanza anaopewa ni nenda kwa fundi akuinulie shokapu za nyuma. Mafundi nao wanaipenda hiyo kazi, ni ya chapchap, anafungua bolti mbili za chini, anapachika vipande vya chuma vya kurefusha, anafunga, unalipa, unatoka gereji pikipiki imebinua nyuma kama mende.

Ila jamani, goti linakunjwa na nini? Linakunjwa na umbali kati ya siti na futiresti. Vyote viwili vimefungwa kwenye fremu ile ile, kwa hiyo ukiinua shokapu siti inapanda na futiresti inapanda nayo, na wewe unabaki umejikunja vile vile, sema sasa hivi umejikunja ukiwa juu zaidi. Sijui kwa nini hili halisemwi.

Kwa hiyo anza na siti. Fundi wa viti vya magari anaiweza kabisa, wangu wa Mwanjelwa alivua kava, akaniambia nikae juu ya sponji tupu kwanza, akabonyeza kwa dole gumba pembeni ya paja langu akasema hapa pamekufa, akatoa kile kipande kilicholala akaweka sponji ngumu, ile ya godoro zito, akapandisha kama sentimita 5. Mwambie asiache mteremko wa kuja mbele, la sivyo kila ukishika breki unaishia kwenye tenki, na mteremko wa Uyole utakukumbusha. Sponji laini usikubali hata akikupunguzia bei, ukishakaa inalala yote na umerudi ulikotoka. Usukani nao ukiweza upandishe kidogo, mgongo utakushukuru, ila cheki waya za klachi na breki zisivutike ukikata hadi mwisho.

Ukishamaliza siti na bado magoti yanalia, ndio unashusha futiresti, na hapa ndipo shokapu inapoingia kihalali. Futiresti ikishuka sentimita 3 au 4 inakuwa karibu na lami, na kwa kona za kwenda Tukuyu ukilaza pikipiki inakwangua, na ile ya Isyonje kuelekea Kitulo mvua ikinyesha mfereji wa tairi za Fuso unaingia futiresti yote. Kuinua pikipiki hapo kunarudisha ule uwazi uliouchukua. Halafu usisahau kushusha pedali ya breki na ya gia zifuate mguu.

Sababu nyingine ya kugusa shokapu ni uzito. Warefu wengi sio wepesi, springi inalala hata kabla hujakutana na tuta. Pima, usikisie: weka stendi kubwa tairi la nyuma lining'inie, mtu apime kutoka nati ya ekseli hadi bolti yoyote iliyo juu yake kwenye fremu, kisha shusha, kaa na nguo zako zote za baridi, apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ikizidi theluthi ya mchezo wote wa shokapu, yaani umbali wote inaoweza kubonyea, zungusha kwanza ile ringi ya ngazi ngazi iliyopo kwenye springi, panda ngazi moja au mbili. Haikugharimu chochote na wengi huwa wanaishia hapo.

Kama bado unataka kurefusha, nenda sentimita 2, tatu ni mwisho. Pikipiki yenye mita 1.25 kati ya ekseli na ekseli ukiinua nyuma sentimita 3 inainama mbele kama digrii 1.4, unaweza kuiona ndogo ila usukani unakuwa mwepesi, unacheza kwenye kokoto, na uzito unakwenda mbele. Sasa shuka nayo Kitonga huku nyuma yako kuna semi inapumua. Ndio maana nasema mbele nako kupande kidogo, zile klampu zinazoshika mabomba ya shokapu za mbele zikilegezwa unaweza kuteremsha mabomba kama yamechomoza juu, ila klampu ibaki imeng'ata bomba zima, usiibe hata milimita pale.

Na asikuchomelee kitu kwenye shokapu yenyewe! Moto unaua oili sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, wiki haiishi mafuta yanatiririka. Kama ni kubadili nunua ndefu, upime kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini.

Baada ya hapo mnyororo, maana nyuma ikipanda ule mkono wa tairi, chuma kinachoshika tairi la nyuma, unainama zaidi na mnyororo unaweza kusugua juu yake. Kaza upya, halafu mkalishe mtu mzito uangalie pale ekseli, egemeo la mkono na sproketi ya mbele vinapokuwa mstari mmoja, hapo ndio mnyororo unakaza kuliko pengine popote, kama umekuwa gitaa legeza. Stendi ndogo itakuwa fupi, pikipiki inalala sana, iongezwe kipande. Stendi kubwa tairi haitainuka tena. Taa itaangalia chini, ipandishe kabla giza halijaingia. Na kama unabeba abiria, mama mwenye kitenge na mtoto mgongoni hapandi hiyo kitu kirahisi, piga hesabu ya hela yako.

Wenye zile za shokapu moja ya katikati, haya ya sentimita 2 hayawahusu. Kwenu shokapu iko mbali na tairi, sentimita moja pale inaweza kuwa mbili au zaidi kwenye ekseli, kwa hiyo msinakili vipimo vya Boxer yangu mkaja kunilaumu.