Shukatsu ni Mbili

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukianza, hutangazwa nchini Japani neno lililovuma kuliko mengine, desturi iliyoanzishwa mwaka 1984 na shirika la uchapishaji la Jiyukokuminsha. Mwaka 2024 tuzo ilikwenda kwa "futehodo", kifupi cha jina la tamthilia ya televisheni kuhusu mwalimu mkali wa mwaka 1986 anayejikuta ghafla katika mwaka 2024, ambako karibu kila asemalo linamtia matatani. Kichekesho ni kwamba mwigizaji mkuu, Abe Sadao, alipokuwa jukwaani kwenye tuzo hiyo alisema kuwa wao wenyewe hawakuwahi kuiita hivyo. Ndiyo maana mimi hufuatilia zaidi maneno yanayodumu, hasa yale yanayoishia na "katsu".

"Katsu" imekatwa kutoka "katsudo", yaani harakati. Wajapani hufupisha maneno kama sisi tulivyopata chajio kutoka chakula cha jioni: kipande hiki na kile vikaungwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayekaribia kuhitimu huingia katika "shukatsu", msimu wa kutafuta ajira, wenye suti nyeusi zinazofanana na usaili usiokwisha. Kwa mfano huohuo mwanasosholojia Yamada Masahiro akaunda "konkatsu", harakati za kutafuta mwenzi, na kitabu alichokiandika pamoja na Shirakawa Toko mwaka 2008 kikalieneza. Ndoa, ambayo zamani jamaa, majirani na hata wakubwa wa kazini waliishughulikia kama washenga, imekuwa jukumu la mtu mwenyewe, lenye wasifu wa kujaza na ada ya kulipa. Kisha ikaja "shukatsu" ya pili, inayotamkwa vilevile lakini ikiandikwa kwa herufi yenye maana ya mwisho: mzee anapanga mazishi yake, anapunguza vyombo na kuandika daftari la maagizo, asije akawaachia wanawe mzigo, ikiwa anao.

Iliyonishughulisha zaidi ni "oshikatsu". Oshi ni msanii unayempigia debe, mara nyingi mmoja tu katika kundi zima, naye huwa na rangi yake. Shabiki hununua vitu vya rangi hiyo, husafiri kufuata matamasha na hupiga picha kisanamu cha plastiki cha msanii wake kando ya kikombe cha kahawa. Niliuona kama utoto, mpaka nilipoiweka pamoja na zile tatu. Katika ajira na ndoa mtu hukaa akisubiri kukubaliwa, na mwisho wa maisha haumsubiri. Hapa tu ndipo yeye anapochagua, wala hakuna wa kumkataa. Wafanyabiashara wameshaling'amua hilo: zipo hoteli na kumbi za karaoke zinazokodisha vyumba vya kusherehekea siku ya kuzaliwa ya oshi, keki ikiwa mezani, mwenye siku yake akiwa hayupo.