Njegere zangu zilivyopona ubwiri unga

Kiangazi kile shamba langu la njegere huku Lushoto lilikuwa kama limemwagiwa sembe. Ukipitisha kidole juu ya jani, weupe unabaki kidoleni na jani lenyewe limeshaanza manjano. Inauma sana, maana maganda yalikuwa ndiyo kwanza yanajaa.

Nilipiga salfa, lakini nilikuwa nimechelewa. Ubwiri unga, huo ugonjwa wa kuvu unaoacha weupe kwenye majani, hausubiri mvua. Unapenda mchana mkavu na usiku wa baridi.

Nikatafuta mbegu yenye kinga ya jeni er1, inayoizuia kuvu kupenya kwenye seli za jani. Nilipanda matuta mawili ya mbegu mpya, mawili ya zamani, siku moja. Kufikia maganda, ya zamani yamepauka. Ya mpya kijani kibichi mpaka majani ya chini.