Tulivyoiondoa nywila iliyobandikwa kwenye kompyuta

Karatasi ilibandikwa kwa selotepu pembeni ya kompyuta ya ofisi ya wahadhiri: barua pepe ya mtu mmoja, na chini yake nywila. Mwenye akaunti alikuwa amelipia Grammarly, programu ya kusahihisha maandishi ya Kiingereza, kwa kadi yake, akawagawia wenzake kwa moyo mwema. Wakawa watu tisa.

Niko kitengo cha TEHAMA katika chuo kimoja hapa Moshi. Siku moja mama wa masijala aliniita. "Mwanangu, hebu njoo. Hii si yangu." Alitaka kusahihisha tangazo, akakuta kwenye nyaraka zilizohifadhiwa katika akaunti ile barua ya mtu mwingine kwenda kamati ya nidhamu: jina la mwanafunzi, namba ya usajili, na ugonjwa wake. Alikuwa ameiziba skrini kwa kiganja.

Wakubwa walitaka programu ifungiwe kwenye mtandao wa chuo. Nilipinga. Watu wangehamia kwenye bando za simu zao, nasi tusione chochote. Tena mtu anayeandika makala ya jarida kwa lugha yake ya tatu, baada ya Kichaga na Kiswahili, anastahili msaada huo.

Tukanunua leseni za taasisi, kila mtu kwa jina lake, tukaziunganisha na akaunti za chuo kwa njia ya SAML, utaratibu wa mfumo mmoja kuuthibitishia mwingine mtumiaji ni nani. Ukitaka kuingia unaletwa kwanza kwenye ukurasa wetu, unaweka nywila ya chuo na namba ya uthibitisho kutoka kwenye simu, kisha programu inapokea ujumbe uliotiwa saini kwamba ni wewe kweli. Nywila yenyewe haiwafikii. Anayestaafu tunamfungia akaunti ya chuo, basi na huko haingii tena.

Siku ya kwanza hakuna aliyeingia. Nilihangaika hadi adhuhuri nikikagua vyeti vya usalama kimoja kimoja. Kumbe saa ya seva yetu ilikuwa nyuma dakika saba tangu umeme ulipokatika, na ujumbe ule hubeba muda wake wa kuanza na kuisha. Nilipoirekebisha saa, wote wakaingia.

Lakini kuingia salama hakuzuii maandishi kutoka. Programu hizi husahihisha kwa kuyapeleka maandishi kwenye seva za kampuni. Mwaka 2018 Tavis Ormandy wa Google aligundua kasoro katika kiendelezi cha Grammarly, yaani kiprogramu kinachoongezwa kwenye kivinjari, kasoro iliyoziruhusu tovuti nyingine kufikia nyaraka za mtumiaji. Ilirekebishwa upesi, ila mimi sijaisahau. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo kiendelezi tumekizima kwenye kurasa za matokeo na za zahanati, na barua za nidhamu haziingizwi humo zikiwa na majina.

Hilo la majina ndilo lililonichosha kulieleza, idara kwa idara. Aliyelirahisisha ni yule mama wa masijala. Anaandika "Mwanafunzi A", anasahihisha, anainakili barua kwenye faili lake, na jina analijaza mwisho, kiendelezi kikiwa kimezimwa. Wiki iliyopita nimemkuta akimwelekeza mhadhiri mgeni, karatasi mbili mezani, moja ina jina na nyingine haina.