Kideri bandani kwangu, na wale kuku wanne niliouza

Miezi miwili imepita ndo napata nguvu ya kuandika hii. Nilikua na kuku 37 wa kienyeji hapa nyuma ya nyumba, Kihonda, Morogoro. Kikaingia kideri, ule ugonjwa wa kuku wanaouita Newcastle, leo nina tisa, na mmoja kati ya hao tisa shingo ilipinda haijarudi mpaka leo, anakula kwa kuzungukazunguka kama mtu aliyedondosha shilingi mchangani.

Ilianza mwezi wa nane. Mjomba wangu alikuja kututembelea kutoka Singida, na si mnamjua mtu wa Singida, haji mikono mitupu, kashuka kwenye basi na tenga, ndani kuna jogoo mwekundu na mitetea miwili. Sa wewe utamwambia mjomba wako kuku wake wakakae karantini? Najua kabisa kuku mgeni anatakiwa akae peke yake kama wiki mbili hivi kabla hajachanganywa na wenyeji, nalijua hilo, ila mzee yuko sebuleni anakunywa chai anataka aone jogoo lake linavyowapiga mkwara majogoo wangu. Nikafungua mlango wa banda.

Siku ya tano mtetea mmoja wa mjomba kajikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, macho nusu. Nikasema uchovu wa safari. Siku ya tano, uchovu wa safari! Jioni nikaona kinyesi, majimaji ya kijani kama mtu kasaga mchicha mbichi, kimegandia manyoya ya nyuma. Usiku nikatoka kwenda uani nikasikia bandani wanakoroma, nikamulika na simu, wanne watano wamenyoosha shingo midomo wazi wanavuta hewa kwa tabu, kila wakivuta kuna kamluzi. Asubuhi wawili chini.

Nikakimbilia duka la pembejeo. Yule muuzaji hata hakuniuliza swali la pili, kanifungia unga wa antibayotiki, changanya kwenye maji, siku tatu wamepona. Kideri ni kirusi jamani, antibayotiki haikifanyi kitu, na mtu anayeuza dawa za kuku kila siku sidhani kama halijui hilo. Jirani mmoja akaniambia shubiri, mwingine pilipili kichaa na majivu. Nikaweka vyote, sikubagua. Maji yakawa rangi ya mtaro na kuku wakafa vilevile. Kuna watu watabisha hapa kwamba mwarobaini uliwaponyeshea wa kwao, sawa, ila mafua ya kawaida yanafanana nacho mwanzoni, na hata kideri chenyewe huwa kinabakiza wachache, ndo maana kila dawa ina shuhuda wake.

Sasa hiki ndo sipendi kukiongelea. Siku hiyohiyo ya vifo vya kwanza alipita mchuuzi wa kuku na baiskeli yake, matenga huku na huku. Wale jamaa wana pua. Akachungulia bandani, akanyamaza kidogo, alafu akataja bei ambayo ni chini ya nusu. Nikamuuzia wanne. Walikua wanakimbia, wanakula, mtu yeyote angesema wazima, na mimi nikajisemea wazima. Lakini nilishajua. Kirusi kinaweza kukaa ndani ya kuku siku mbili mpaka kumi na tano, mara nyingi tano au sita, ndo dalili zitoke, na wakati huo anaonekana yuko fiti kabisa. Nilipokea ile hela nikaiweka mfukoni haraka kama nimeiba.

Bwana mifugo wa kata alikuja siku ya nne tangu vifo vianze. Hakuingia bandani, kasimama nje na mabuti yake, akaangalia mmoja aliyekua anarudi kinyumenyume huku kichwa kimegeuka kinaangalia juu, mabawa yameburuza chini, akauliza kitu kimoja tu: "Mara ya mwisho umechanja lini?"

Mwezi wa tatu.

Akatikisa kichwa. Hii chanjo ya kideri, inaitwa I-2, ni kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo ilitakiwa mwezi wa sita, kabla huu upepo wa kiangazi haujachachamaa maana ndo msimu wake huku kwetu. Na wala sio bei. Kichupa kizima hakifiki hela ya kuku mmoja, inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, inavumilia joto kuliko zile chanjo zingine zinazotaka friji muda wote. Tatizo kichupa kina matone ya mamia ya kuku, na ukishafungua ndo basi huwezi kukiweka mpaka msimu ujao, kwa hiyo nilikua namsubiri jirani tuchangie, jirani anasubiri mshahara, mwezi wa sita ukaisha, wa saba ukaisha, mjomba akaja.

Nikamwomba achanje hao waliobaki. Akasema anaweza, ila nisije nikapita mtaani nasema chanjo imeua kuku, maana ambaye kirusi kimeshaingia atakufa tu, na ambaye hakijaingia anahitaji wiki moja mpaka mbili ndo kinga ikamilike. Alafu akaniangalia miguuni. "Na hizo ndala ndo umetokea nazo bandani? Na ndo unaendea nazo dukani?" Aisee. Nilishazunguka nazo mtaa mzima siku nne, nikiomba ushauri.

Kilichofuata ni kuchimba tu. Shimo nyuma ya mpapai, kina cha kiunoni, chokaa, udongo, kesho yake tena. Siku mbaya kuliko zote walikufa kumi na mmoja. Mke wangu alisema tuwachinje wale ambao bado tule, nikashindwa, sio kwa sababu ya ugonjwa, kwa binadamu kideri sanasana macho mekundu siku chache, ila kuchinja tu kunamwaga damu na manyoya na matumbo uani, na mbwa wa mtaa wanaanza kubeba. Jogoo la mjomba lilikua la mwisho mwisho kufa. Mjomba mwenyewe sijamwambia, akipiga simu anauliza jogoo linaendeleaje nasema linawika.

Kama siku kumi baadae bibi wa nyumba ya nyuma akaanza kutupa kuku. Sijui ni ndala zangu, sijui ni mchuuzi alimpitishia mmoja wa wale wanne, sijui upepo. Nilikaa na hilo mpaka likanikaba.

Jumamosi iliyopita tumechanga nyumba sita, tukanunua kichupa kimoja, nikapita nacho mlango kwa mlango. Kazi yenyewe ndogo, unamlaza kichwa ubavu, chupa wima, tone moja jicho moja, kifaranga tone moja na jogoo tone moja, alafu usimwachie mpaka apepese, maana akikurupuka kabla tone halijasambaa umechanja vumbi. Kwa bibi walibaki wawili. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, akanishikia wa kwanza. Nikaona sasa hapa niseme, nikamwambia, bibi, mimi kile kipindi niliuza wanne kwa yule wa baiskeli, na nilijua wanaumwa.

Bibi hakunitazama, alikua anabana mabawa ya kuku.

"Mimi niliuza watano," akasema. "Hebu weka tone, huyu anateleza."