Hapana, sikuja Marekani kusomea fizio

Wadogo zangu mnaofanya intern huko nyumbani, kila nikiongea na mtu wa Dar lazima aniulize "kwa hiyo kaka umeenda kusomea fizio?" Hapana jamani, mafizio, wale wa tiba ya mazoezi ya viungo, ni wenzangu na nafanya nao kazi kila siku, ila mimi nasomea udaktari wa utengamao, yaani mtu akishavuka hatari ya kiharusi au akishafungwa vyuma vya mgongo ndo anakuja kwetu tuangalie ataishije.

Habari za mitihani mnazijua, USMLE yaani mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, Step 1 ambayo tangu 2022 ni kufaulu au kufeli tu, Step 2 ndo maksi zake zinaangaliwa, cheti cha ECFMG cha madaktari waliosomea nje ya Marekani, intavyuu, majibu ya Match, yaani mfumo wa kupanga nani anakwenda hospitali gani, yanatoka Machi. Wanachopuuza wengi ni hiki: residensi, yaani mafunzo ya ubingwa, kwa fani yangu ni miaka 4 lakini programu nyingi zinakuchukua kuanzia mwaka wa 2, ule wa kwanza wa magonjwa ya jumla unauombea kwingine, usisahau. Na viza ya J-1 isome vizuri, ukimaliza inakutaka urudi nyumbani miaka 2 isipokuwa upate msamaha.

Mwaka wa kwanza ni zamu tu na usingizi wa mang'amung'amu. Baada ya hapo ndo utamu unaanza, wodi ya uti wa mgongo, ya majeraha ya ubongo, waliokatwa miguu, na EMG, kipimo cha umeme wa misuli, ambayo unachoma sindano nyembamba kwenye msuli unasikiliza spika. Msuli uliopoteza neva yake unatoa mlio wanaoufananisha na mvua kwenye bati, na mimi nimelala chini ya bati utoto wangu wote, siku ya kwanza nilivyousikia niliujua hapo hapo.

Kuna usiku sitausahau, saa 8 nesi ananiita, kijana aliyevunjika shingo kichwa kinampasuka, jasho usoni, presha 200 na kitu wakati yeye kawaida yake ni 100. Mimi mkono uko kwenye dawa ya presha, nesi mtu mzima akaniambia dokta mkalishe kwanza, angalia mpira wa mkojo. Kufunua shuka, mpira umejikunja chini ya paja. Tukaunyoosha, mkojo ukashuka, na presha nayo ikashuka tukiwa tumesimama pale pale. Kibofu kujaa tu kinaweza kumuua mtu wa namna hiyo kwa kiharusi, na mwenyewe hawezi kuhisi kama kimejaa.

Kila wiki tunakaa kikao, daktari, nesi, fizio, ustawi wa jamii, tunajadili mgonjwa mmoja mmoja, na swali linalorudi ni kwake kuna ngazi ngapi, mlango wa choo una upana gani, nani atamgeuza usiku. Vikao vya mwanzo nilikuwa natoka nimenyamaza. Nikiwa intern nilimruhusu kijana wa bodaboda aliyepooza miguu, opereshini ilikwenda vizuri, nikaandika hali nzuri, kaka yake akambeba mgongoni hadi kwenye bajaji. Alirudi baada ya miezi 2 na vidonda vya mgongo vimefika kwenye mfupa, hatukuweza kumwokoa. Kwao walikuwa wanatumia choo cha shimo, cha kuchuchumaa, na sikuwa nimeuliza.