Mapezi ya Kizimkazi kwenye meza yangu Umoja

Jana stima zilipotea mtaani kwetu Umoja, hapa Nairobi, saa mbili na nusu usiku, nikaendelea na kazi kwa chaji iliyobaki kwenye kompyuta mpaka ikazima yenyewe. Kazi yenyewe ni kulinganisha mapezi. Nina picha zaidi ya mia tatu, na kila moja ni ya pezi la mgongoni la pomboo lililojaza kioo chote, huoni uso wala mkia. Naanzia ncha ya juu, nateremka na ukingo wa nyuma polepole: hapa pengo, hapa mkwaruzo, hapa pamelika. Halafu nafungua picha nyingine. Ukikaa nayo wiki moja unaanza kuwatambua, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake kabla hajafika karibu.

Wanaonijua wananijua kama karani wa hesabu katika duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road. Januari nilichukua likizo yangu yote ya mwaka, nikaomba wiki mbili zaidi bila mshahara, nikaenda kujitolea Kizimkazi, kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja, na kikundi kidogo kinachofuatilia pomboo. Nilikaa wiki sita. Tangu nirudi naulizwa maswali yaleyale kazini na kanisani, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

Swali la kwanza huwa ni kwa nini niende hadi Zanzibar wakati pomboo tunao hapa kwetu Kenya. Ni kweli tunao. Wa kwanza niliwaona Shimoni, nilipokwenda harusi ya rafiki yangu, tukapandishwa boti kuelekea hifadhi ya bahari ya Kisite. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona bahari. Walipita watatu mbele ya boti, nikasikia pumzi zao, puh, puh, na ile sauti sijaisahau. Sikuwa nimejua kwamba wanasikika. Basi nilipopata nafasi ya kufanya kazi nao niliishika pale ilipopatikana, na ilipatikana Unguja.

Swali la pili ni pesa, na hapa nina uchungu. Wakala niliyemlipa Nairobi aliniambia ada inalipia chumba, chakula na kibali. Nilipofika, chumba kilikuwepo. Kibali hakikuwepo. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini kuingia kama mgeni ni jambo moja na kufanya kazi, hata ya kujitolea, ni jambo jingine. Kuna kibali cha ukaazi daraja C kwa ajili hiyo, na kina gharama yake. Nililipa mara ya pili kutoka kwenye akiba yangu. Ukitaka kwenda, omba kwanza uandikiwe kila shilingi inakwenda wapi, na uulize ngapi zinafika kijijini. Mtu akikasirika kwa swali hilo, usimlipe.

Safari nilipanda basi mpaka Dar es Salaam, kisha boti ya kasi, saa mbili hivi, kisha daladala kwenda kusini. Sitasema mengi juu ya safari isipokuwa kwamba mgongo ulipona siku ya tatu.

Kilichonishughulisha zaidi mwanzoni ni lugha. Mimi nilidhani nakwenda na Kiswahili, kumbe nilikwenda na Kiswahili cha Nairobi. Asubuhi ya kwanza nilimwambia mama mwenye nyumba, "Nipe chai." Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, sema naomba." Nikasema naomba. Akanimiminia, akaniwekea na boflo, yaani mkate, kipande kikubwa. Tangu siku hiyo nilijifunza kuamkia shikamoo kila mtu mzima niliyempita njiani, na kusubiri marahaba kabla ya kusema shida yangu, na nikiitwa kuitika abee. Wazee wakizungumza wenyewe kwa wenyewe kwa lahaja yao ya kusini nilikuwa nashika neno moja katika matano. Wakiniona nimebaki nyuma walinirudia taratibu.

Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyonipa faida kwenye kazi. Tulikuwa watano tuliojitolea, wenzangu wanne wametoka Ulaya. Wote walikuwa wachapakazi na walinizidi elimu ya bahari. Lakini nahodha alipokuwa akizungumza na nahodha mwenzake, boti kwa boti, mimi pekee ndiye niliyesikia.

Bahari ya Kizimkazi iko ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyotangazwa mwaka 1997, kilomita za mraba 470. Pomboo wanaokaa pale ni wa aina mbili. Kuna mwenye pua kama chupa, ambaye wataalamu humwita *Tursiops aduncus*, na kuna mwenye nundu mgongoni, *Sousa plumbea*, ambaye ni mwenye haya na anahesabiwa duniani miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Si wengi. Makadirio ya watafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikuwa chini ya mia mbili kwa aina ya kwanza, na chini ya mia kwa wenye nundu. Na hawazaani haraka: mama hubeba mimba kama mwaka mzima, huzaa mmoja, kisha humnyonyesha na kukaa naye muda mrefu. Ukimpoteza jike mmoja umepoteza miaka.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, bahari ikiwa imelala. Mmoja anaangalia mbele, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja ana kamera, na mimi nina ubao wenye karatasi. Tukiwaona naandika saa, mahali, wako wangapi, watoto wangapi, wanafanya nini: wanasafiri, wanakula, wanapumzika, wanacheza. Na safu ya mwisho, boti ngapi ziko nao. Siku nyingine tulikaa saa nne na karatasi ikarudi nyeupe. Hiyo nayo huandikwa, kwa sababu kutoonekana ni habari vilevile.

Kuna asubuhi safu ile ya mwisho niliandika 11. Boti kumi na moja, pomboo sita, na mmoja wao mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa bado na mikunjo. Kila walipozama, mashine zilinguruma kwenda kule walikotarajiwa kuibuka. Walipoibuka watu walirukia majini, miguu na mapovu kila upande, nao wakazama tena. Niliandika "wanasafiri" mara saba mfululizo. Watafiti waliofanya kazi Kizimkazi walikwisha kuonyesha jambo hili kwa hesabu: boti zikiwepo, pomboo hupunguza kula na kupumzika, huongeza kusafiri. Mimi niliona mtoto akikosa kunyonya. Mama alilala ubavu kidogo, mtoto akasogea, boti ikapita, wakaachana. Mara tatu. Mimi siafiki kabisa watu kurukia majini juu yao, na sitakuja kuafiki.

Lakini wakati wenzangu wanakasirikia manahodha, mimi nilisikia mmoja wao akimwambia nahodha wetu, "Mgeni akirudi bila kuogelea nao anadai pesa yake, na mwenye boti ananikata mimi." Miongozo ipo, wote wanaijua: wakaribie polepole kutoka ubavuni, usiwakatie mbele, usiwazingire. Jioni ile nilikwenda barazani kwao, nikaamkia, nikakaa. Tuliongea mpaka isha. Walichokitaka ni kitu kidogo: mtu awaeleze wageni kabla boti haijaondoka, kwa lugha ya wageni, kwamba mashine ikizimwa na watu wakatulia, mara nyingi pomboo huja wenyewe. Kuanzia wiki ile wenzangu wawili walikuwa wakisimama ufukweni kila asubuhi kufanya hivyo. Niliyoyasikia barazani niliwatafsiria, nao wakapata cha kusema.

Sasa nifike kwa mzee.

Jirani wa nyumba yetu alikuwa mvuvi wa jarife. Kila alasiri alikaa chini ya mti wa mkungu akishona nyavu, na mimi nikawa nakwenda kumshikia upande wa pili. Jarife ni nyavu yenye matundu mapana. Kiganja changu kilipita bila kugusa uzi. Hutegwa jioni, huachwa usiku kucha, huinuliwa alfajiri, na kinachotakiwa ni papa, taa, nguru, jodari. Pomboo hatakiwi. Lakini pomboo anavuta hewa kama sisi, na akinaswa chini hawezi kupanda. Hafi kwa jeraha. Anakosa pumzi.

Mzee alinihadithia bila mimi kumuuliza. Zamani, alisema, wao wenyewe waliwavua pomboo kwa ajili ya chambo cha papa, na ikawa hivyo mpaka katikati ya miaka ya tisini, wageni walipoanza kuja kuwatazama na kijiji kikaona pomboo hai ana manufaa zaidi. Yeye aliacha kabla ya wengine. Kisha akanieleza usiku mmoja waliowahi kuinua jarife kabla ya wakati kwa sababu upepo uligeuka. Akahisi uzito, akadhani papa. Ilikuwa pomboo jike, bado hai, uzi umemzunguka mkia na kukaza mbele ya pezi, upande wa kushoto. Mtoto wake alikuwa akizunguka chombo gizani, walimsikia tu.

"Nilitia mkono chini ya kidevu," mzee alisema, akanionyesha, kiganja juu, vidole vimefumbatana kidogo kama mtu anayeteka maji. "Nikamnyanyua hapa pa kupumulia patoke nje. Akapumua usoni mwangu. Pumzi ya moto, mwanangu. Moto kama wa mtu mwenye homa."

Yeye alimshikilia na kijana wake akakata. Walikata pima nne za nyavu, kila pima ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mkono wake ulibaki vile hewani muda kidogo baada ya hadithi kwisha, kisha akarudi kushona.

Nikamuuliza nani alimlipa nyavu. Akasema hakuna. Siku tisa hakwenda baharini, akishona, na walikula dagaa za jirani. Wengine aliowakuta kabla na baada ya hapo walikuwa wameshakufa, na hao hakukata kitu, aliwatoa tu akawaachia maji.

Sikulala vizuri. Tulikuwa na karatasi ya kila kitu: mawingu, mawimbi, idadi ya boti. Hatukuwa na karatasi ya mtu aliyekata nyavu yake. Asubuhi nilichukua daftari kubwa la mistari, nikafanya kile ninachokifanya Kirinyaga Road kila siku ya Mungu: nikachora safu. Tarehe. Chombo. Pima zilizokatwa. Bei ya uzi. Siku bila bahari. Alitoka hai au amekufa. Kiongozi wa kikundi aliliangalia kwa muda mrefu, akasema libaki. Sisi tuliojitolea tukachangishana, na mchango wa kwanza ulinunua mafungu mawili ya uzi. Mzee alikataa kupokea la kwake mpaka mama mwenye nyumba alipompelekea yeye, kwa sababu kwangu mimi angeona ni kulipwa kwa hadithi. Kabla sijaondoka wavuvi watatu wengine walikuja wenyewe kuandikisha, mmoja akikumbuka mambo ya miaka mingi nyuma, na pima zake alizikumbuka zote.

Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba pomboo wa Menai wako mikononi mwa watu hawa, wanaoamua gizani, kisu mkononi, kati ya nyavu na mnyama. Mtu anayetaka kwenda kusaidia aanzie kwao. Aende na salamu, akae chini, ashike upande wa pili wa nyavu.

Siku ya kuaga mzee aliniuliza kama kamera zetu zinaweza kumjua yule wake. Nilimwambia nitatafuta. Ndiyo maana bado ninafanya kazi hii hapa Umoja. Kikundi kinanitumia picha kila mwisho wa wiki, nami huwarudishia majina na namba.

Wiki iliyopita nahodha alinitumia picha kutoka simu yake, siyo kamera, imetikisika kidogo. Jike na mtoto mkubwa. Mbele ya pezi, chini, upande wa kushoto, kuna mstari mweupe mwembamba ulionyooka kuliko jino linavyoweza kukwaruza. Nimepitia picha zote mia tatu na hayumo. Kovu lile linaweza kuwa la jarife lolote, la mvuvi yeyote kutoka Kizimkazi hadi Pemba. Nimempa namba mpya. Kwenye safu ya maelezo nimeandika: alama ya uzi, mbele ya pezi, kushoto; aulizwe mzee.